Kisanduku cha Sita

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Orie Tsukahara alivua viatu vyake vya theluji mlangoni, akavaa ndara za ofisini, akamimina chai ya shayiri katika kikombe chake chenye ufa, kisha akaketi kufungua barua za watu wengine.

Katika kompyuta yake mlikuwa na programu moja ya barua pepe, na upande wa kushoto wa programu hiyo visanduku sita vilipangwa kimoja chini ya kingine, kama mashubaka ya viatu pale mlangoni. Cha maulizo. Cha oda. Cha matengenezo. Cha Mkurugenzi Hirosaka, ambaye hakuwahi kukifungua mwenyewe tangu kiundwe. Cha Bwana Murotani, mkuu wa mauzo. Na chini kabisa, chake yeye. Alianza na cha juu, akasoma, akajibu, akashuka. Akifika cha sita hakuwa na la kufanya. Siku zote kilionyesha sifuri.

Jumatatu hiyo, kabla hata hajaonja chai, kisanduku cha sita kilionyesha moja.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Moja.

Barua ilitoka kwa Bwana Kitabatake, mzee mwenye duka la miwani kule Otaru, kaskazini ng'ambo ya bahari, aliyekuwa akinunua fremu za kiwanda chao tangu Orie hajazaliwa.

“Bi Tsukahara,” mzee aliandika. “Hatujuani. Ijumaa nilipokea barua kutoka kwako, lakini chini yake pana jina la Bwana Murotani. Mwandishi wake namfahamu. Ndiye aliyeniandikia mke wangu alipofariki, akaniambia nisiiondoe miwani yake juu ya kaunta mpaka nitakapotaka mwenyewe. Bado ipo. Nimezeeka, lakini sijapumbaa. Naomba uniambie jambo moja tu: miaka saba hii, nimekuwa nikiandikiana na nani?”

Orie alihisi masikio yakimwaka moto. Alifungua barua zilizotumwa, akaliona kosa lake limekaa pale bila aibu.

Ijumaa fundi wa kompyuta alikuja kubadilisha nywila. Alikiondoa kisanduku cha Bwana Murotani, akakirudisha upya, na katika kuondoa na kurudisha huko, akaunti ya Orie ikawa ndiyo inayotangulia. Ukijibu barua, jibu hutoka kupitia kisanduku ilichoingilia. Lakini ukianza barua mpya, programu huchukua akaunti inayotangulia, mpaka uibadilishe kwa mkono wako pale juu, kwenye mstari wa “Kutoka”. Kwa miaka saba Orie aliutazama mstari ule kama mtu anayevuka barabara. Ijumaa hakuutazama. Theluji ya kwanza kubwa ilikuwa imeanza kuanguka Sabae, mji wa kiwanda chao, na alikuwa na haraka ya kumwambia mzee kwamba theluji yake hatimaye imewafikia.

Na kwa desturi ya ofisi, barua yoyote iendayo kwa mteja hupelekwa nakala kwa mkuu, hata ile iliyoandikwa kwa jina la mkuu mwenyewe. Mzee alikuwa amewajibu wote wawili.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Bwana Murotani aliingia na koti lake, theluji mabegani, simu mkononi.

“Tsukahara! Hii ni nini?”

“Bosi, viatu,” alisema Mama Nishide, mfanyakazi mkongwe wa ofisi, ambaye alibakiza mwaka mmoja kustaafu na hakuona tena sababu ya kumwogopa mtu. Alikuwa akijaza birika. “Sakafu nimeipiga deki sasa hivi.”

Bwana Murotani alitazama miguu yake, akarudi mlangoni, akavua viatu, akaja tena. Kwa soksi hakuonekana mkali sana. Kwa kweli hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kuogopa, na hofu ilimfanya aongee upesi.

“Mwezi ujao tunatimiza miaka hamsini. Kitabu cha kumbukumbu kiko kwa mchapaji. Ukurasa wa kumi na nne, unajua ukurasa wa kumi na nne?”

Orie aliujua. Aliupiga chapa mwenyewe. *Barua za Bwana Murotani kwa Wateja Wetu.* Mkurugenzi ndiye aliyezichagua, na inasemekana moja ilimtoa machozi.

“Basi sikiliza. Utaandika taarifa ya kosa. Ukurasa mmoja, na muhuri wako wa jina. ‘Ijumaa, kwa uzembe wangu, nilituma kupitia akaunti yangu barua iliyoandikwa na Bwana Murotani.’ Umenisikia? *Iliyoandikwa na Bwana Murotani.* Zamu ya kuzungumza kwenye mkutano wa asubuhi leo ni yako, sivyo? Utaisoma hiyo. Yaishe.”

“Na mzee wa Otaru?” aliuliza Orie.

“Mwandikie kumwomba radhi. Kwa jina langu.” Bwana Murotani alisita, akizungusha vidole hewani kama anayetafuta chumvi jikoni kwa mtu. “Uitie ule… ule utamu wake. Wewe unajua.”

Mama Nishide alipaliwa na chai.

“Utamu gani, Bosi?”

Orie mwenyewe alishtuka kusikia ni yeye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini ilikuwa imekwisha kutoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

“Usinichezee, Tsukahara.”

“Sichezi. Nauliza ili niandike vizuri. Ile ya mkewe, ya miwani juu ya kaunta. Ulimwambia kwa nini asiiondoe?”

Bwana Murotani alimtazama Mama Nishide, akatazama dirisha.

“Mkataba wako unakwisha Machi,” alisema polepole. “Nimekwisha kuandika pendekezo zuri. Usinilazimishe kulifuta.” Akaenda kutundika koti.

Orie aliketi akiitazama mikono yake juu ya kibodi. Mama yake alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba safari hii binti atapewa mkataba wa kudumu.

Mama Nishide alimwekea kando ya kikombe tonge la wali lenye plamu ya chumvi, kisha akainama kama anayefuta meza.

“Mwanangu, mimi katika kiwanda hiki nimepiga muhuri taarifa za kosa thelathini na moja. Unajua makosa yangu yalikuwa mangapi?”

“Mangapi?”

“Mawili. Moja ni lile la samaki kwenye maikrowevu.”

“Na mengine yote?”

“Ya wanaume wenye tai.” Alikunja kitambaa. “Kila mara nilijiambia, ni karatasi tu. Leo mtu akiuliza Nishide ni nani, akafungua kabati la mafaili, ataona karatasi thelathini na moja zinazosema ni mzembe. Kula wali.”

Orie hakula. Alifungua ukurasa mtupu, akaandika tarehe, kitengo, jina. “Ijumaa, kwa uzembe wangu, nilituma kwa Bwana Kitabatake wa Otaru, kupitia akaunti yangu, barua iliyoandikwa na…”

Hapo vidole vikagoma.

Alikumbuka jioni aliyoiandika ile barua ya miwani. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya baba yake kufa. Miwani ya baba ilikuwa bado juu ya redio nyumbani, na kila mgeni aliyekuja alikuwa na ushauri wa mahali pa kuiweka. Alimwandikia mzee yale ambayo yeye hakuambiwa na mtu. Bwana Murotani siku hiyo alikuwa kwenye gofu. Neno lake lilikuwa moja: “Mjibu huyo kitu.”

Kengele ya mkutano ililia. Kialama cha kuandikia kilikuwa bado kinapepesa baada ya neno “na”. Orie alichapa karatasi hivyohivyo. Alitoa muhuri wake kwenye droo, akauchovya katika wino mwekundu, akaukandamiza chini kwa nguvu zake zote. Tsukahara.

Walisimama duara kama kila siku, watu kumi na mmoja, wang'arishaji wa fremu wakiwa na aproni zao za vumbi la chuma. Walitamka kaulimbiu ya kiwanda kwa pamoja. Bwana Murotani aliuona muhuri mwekundu kutoka alipokuwa, akashusha pumzi, akaitikia kwa kichwa.

“Zamu ya nani?” aliuliza Mkurugenzi Hirosaka.

“Ya Tsukahara,” akajibu Bwana Murotani. “Ana jambo la kusoma.”

Orie alipiga hatua moja mbele. Zamu zake zote zilizopita alizungumza juu ya hali ya hewa, na hata hiyo watu hawakuisikia.

“Taarifa ya kosa,” alisoma. “Ijumaa, kwa uzembe wangu, nilituma kwa Bwana Kitabatake wa Otaru, kupitia akaunti yangu, barua iliyoandikwa na…”

Maneno yalikuwa yameisha. Aliishusha karatasi. Bwana Murotani alikuwa akimsaidia kwa midomo, bila sauti, akilitamka jina lake mwenyewe.

“Na mimi,” alisema Orie.

“Na nani?” Mkurugenzi aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. “Paza sauti, binti. Sikio hili limeliwa na mashine za kukatia.”

“Tsukahara…” alinong'ona Bwana Murotani.

Mama Nishide alikohoa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Orie alivuta pumzi mpaka ndani kabisa.

“Na mimi, Mkurugenzi!” Sauti iligonga kioo cha dirisha, na mng'arishaji mmoja akageuka kutazama ilikotoka. “Na zile za ukurasa wa kumi na nne. Zote niliandika mimi.”