Miji Aliyoshinda Kidaya

Asubuhi hii Mghoi alikuwa shuleni, ingawa ni Jumamosi, akishona masweta makuukuu ndani ya pipa. Pipa lilikuwa wazo la rafiki yake Kidaya, aliyefariki mwezi wa sita kwa pumu: maharage yakishachemka, sufuria inatolewa motoni, inafungiwa kwenye pipa lililozungushiwa nguo nzito, na joto lile lile linamaliza kazi bila kuni. Wanafunzi mia saba wanakula, na msitu wa juu ya shule unabaki umesimama. Kila mmoja alileta sweta lililombana. Likabaki pengo moja kwenye mfuniko, na Mama Samba, mpishi, akaweka kiganja pale akasema, joto lote litatokea hapa, mtakula mawe. Ndipo Mwandawiro wa Fomu Tatu akacheka: Si Kidaya alitusumbua mwaka mzima, leteni masweta, leteni masweta, na mwenyewe hakuleta lake! Mghoi akainamia sindano yake. Sweta la Kidaya analo yeye. Mama yake Kidaya alimpa siku ya mazishi, na tangu hapo halali bila kuliweka shavuni. Alitaka kusema. Maneno yakafika kwenye meno, yakarudi.

Sasa ni mchana, yuko nyumbani, mabati yanalia kwa jua, amejilaza kidogo tu, na uzi mmoja wa sweta la Kidaya unavutika, unavutika, unakuwa njia, na yeye yuko juu yake anatembea. Njia inapanda inashuka, inarudi pale pale ilipoanzia, na pale pale pamebadilika. Mbele umekaa mji ambao kuta zake ni mifuniko ya sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, na kila mfuniko una Mghoi ndani anayemtazama kama mtu aliyechelewa. Hakuna mfuko wa plastiki hata mmoja. Maji ya kuoshea vyombo yanatiririka hadi kwenye sukuma wiki, na sukuma wiki zimefika madirishani. Mji huu anaujua. Ni Mwatate, lakini ile Mwatate aliyompa Kidaya wakiwa darasa la nne. Maana walikuwa wakitegana vitendawili njia nzima ya kutoka shule, na Mghoi akishindwa anatoa mji, na Kidaya hakuwa mtu wa kuchukua mji akanyamaza. Nilienda Mwatate, angesema, amevimba kama chifu, nikakuta wanatupa takataka mtoni, nikawauliza, nyinyi mlilelewa na nani? Wakaona aibu, wakachimba mashimo ya mbolea. Watu wazima walisimama kucheka, na hao hao akawauliza maganda yao ya ndizi wanayapeleka wapi. Hakuwa na haya hata chembe. Mghoi alimtazama kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani ya nyumba.

Mtu mmoja anatoka ukutani, amevaa aproni, na mahali pa uso hana kitu, pamelainika kama yai. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Mghoi, maana mdomo umezoea. Nikivaliwa, napasha joto mmoja. Nikivuliwa, nalisha mia saba. Mghoi anajua. Amejua hata kabla hakijaisha. Lakini akilitaja atakuwa amelitoa, na mikono yake inalibana kifuani. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Chukua Mwatate. Na Mwatate inakunjwa kama leso, inatiwa kwenye mfuko wa aproni, na njia inaendelea, na mbele ni Voi, ambako mapaa yote yanakinga mvua hadi tone la mwisho. Nikivaliwa? Sijui. Nipe mji. Inaenda Voi. Inaenda Taveta na migomba yake. Inaenda Mombasa nzima, pamoja na watu wanaonunua viazi karai kwa sahani walizobeba kutoka nyumbani, na kila mji ukikunjwa Mghoi anaona kazi ya Kidaya inapotea, na bado anasema sijui, sijui, mpaka njia inabaki uzi, na mwisho wa uzi kuna jiko, na msichana amempa mgongo, anasukuma pipa.

Wee Mghoi, anasema bila kugeuka, kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Utanimalizia miji?

Sijui jibu.

Muongo. Ulikuwa unajua tangu darasa la nne. Kile cha nyumba isiyo na mlango ulikijua, ukauma midomo. Unafikiri sikukuona?

Mbona ulichukua miji, basi?

Ningekataa Mombasa? Anacheka mpaka anakohoa, na kikohozi kinapita zake, hakimkabi. Nilikuwa nangoja ukasirike useme. Miaka yote hiyo! Sasa mimi siwezi kujisemea tena, bana. Yule Mwandawiro ananichafulia jina, na wewe umekodoa macho tu.

Geuka nikuone.

Jibu kwanza.

Mghoi analitazama sweta. Kiwiko kimetoboka, na bado linanuka moshi wa jiko la shule, moshi ule ule ambao Kidaya alikuwa akipigana nao. Likishonwa kwenye mfuniko halirudi, na hana kitu kingine chake. Ni sweta, anasema. Hatukusikia, anasema Kidaya. Ni sweta! Na safari hii sauti inagonga mifuniko yote, na miji inakunjuka mmoja mmoja nyuma yake, Mombasa, Taveta, Voi, Mwatate, na Kidaya anaanza kugeuka, bega, sikio, shavu, na Mghoi anafumbua macho.

Au anadhani amefumbua. Dirishani ipo Wundanyi, mji wa kwao, ambao hakuwahi kumpa Kidaya, au alimpa, hakumbuki. Paa la jirani lina bomba la kukinga mvua, na hana hakika kama jana lilikuwepo. Anashika simu, anaandika haraka kabla hajaanza kuona haya: Mama Kidaya, shikamoo. Ni Mghoi. Jumatatu nataka kuwaambia wote kwamba sweta la Kidaya ninalo mimi, halafu nilishone kwenye mfuniko. Naomba ruhusa yako. Anatuma. Jua linahama kutoka kitandani hadi ukutani, na hakuna jibu. Ujumbe umefika, simu inasema. Umefika upande gani, wa ndoto au wa kuamka, haisemi. Mghoi anaketi, anangoja.