Nyuma ya Karatasi ya Maombi

Kwenye ushirika wetu wa akina mama kuna kikapu. Kila Alhamisi unaandika hitaji lako kwenye karatasi, bila jina, kwa herufi kubwa ili mwandiko usikuumbue, unakunja na kutumbukiza. Kisha kila mmoja anachota ya mwenzake na kwenda kuiombea wiki nzima. Utaratibu mzuri, ila mimi ni mbea. Kila karatasi niliyochota niliiombea nimefumba jicho moja. La pili lilikuwa linamtafuta mwenyewe.

Alhamisi ile nikachota hii: "NDUGU YANGU ALINIAIBISHA MBELE ZA WATU, HAJANIOMBA RADHI. NIMECHOKA KUMCHUKIA."

Nikawaka. Mimi ni fundi cherehani. Nikaibana kwa pini ukutani, juu ya mashine, na kila nikikanyaga pedali naomba. Kusema kweli, aliyeandika sikumwombea sana. Nilimshughulikia huyo ndugu. "Bwana, mkung'ute! Mvunje kiburi! Watu wengine hawana haya." Hata wateja wakaitikia amina.

Na mimi nilikuwa na kesi yangu, na mke wa kaka yangu. Mwaka uliopita nilishona sare za ushirika, kumi na saba. Siku ya kuzivaa, ya wifi ikagoma kufunga kifuani. Nikasema mbele ya wote: "Nilikupima arobaini, wifi. Kitambaa hakijapungua, umeongezeka wewe." Walicheka wote, mpaka mama mchungaji. Wifi hakucheka. Tangu hapo salamu yetu ikawa ya kanisani tu, na kupika pamoja kila Jumamosi, maana kaka anafanya kazi mbali, kukafa. Nikajiambia hajui utani. Utani wa mawifi una kosa gani?

Jumatano pini ikachomoka, karatasi ikaanguka, upande wa nyuma ukaja juu. Kulikuwa na namba, tena kwa mwandiko wangu. Ilikuwa karatasi ya vipimo ninayompa mteja kama stakabadhi. Urefu hamsini na sita. Mwanamke mrefu kiasi hicho kwenye ushirika mzima ni mmoja. Kifua: arobaini na nne.

Nilikaa chini. Nilipima arobaini na nne, nikakata arobaini. Kosa lilikuwa la mkasi wangu, nikambebesha yeye. Mwaka mzima ushahidi alikuwa nao mkononi, na hakunirushia usoni. Na mimi siku sita nzima nilikuwa namwomba Mungu anikung'ute. Basi alikuwa amesikia.

Ningeweza kumfuata kwake kimyakimya. Lakini nilimwaibisha hadharani, radhi ya chumbani isingetosha. Alhamisi nikasimama.

"Akina mama, ile sare ya wifi haikumbana kwa sababu ya mwili wake. Nilikata vibaya mimi, halafu nikamcheka yeye. Wifi, nisamehe."

Mama mchungaji akainamisha kichwa. Wifi akanitazama mpaka nikatamani sakafu inimeze.

"Futi unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Basi nipime upya. Na safari hii ufunge mdomo."

Wakaangua kicheko, na yeye akiwemo, nami nikacheka huku nalia. Nikamzungushia futi kifuani. Nikasoma, nikafuta macho, nikazungusha tena.

Arobaini kamili. Ile sare sasa ingemkaa. Mwaka mzima tumekaa benchi moja, mimi ninayejua mwili wa mtu kwa kumtupia jicho, na sikuona. Sikuwa nikimtazama.

"Wifi, umekonda," nikamnong'oneza. "Unaumwa?"

"Siumwi," akasema. "Chakula cha peke yangu hakishuki. Jumamosi njoo na sufuria yako."