Kishubaka cha Kwingineko

Baba alikuja zahanati kuniletea miwani niliyoisahau nyumbani, akanikuta jasho likinitoka mbele ya kompyuta. Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio. Msimamizi alikuwa amenieleza bila kuficha: mtandao ukitoka nje kabla ya saa sita mchana, kazi ni yangu. Usipotoka, asante na kwaheri.

Humo ndani vifaa vyote viliitikiana. Mapokezi waliiona maabara, maabara iliiona famasi. Nje ya ukuta, kimya.

"Orodha hii ya nini?" Baba akauliza, shingo kainyoosha.

"Jedwali la njia, Baba. Ruta inalisoma ili ijue kila ujumbe iupitishie wapi. Wa maabara huku, wa famasi kule."

Macho yakamng'aa. Alichambua barua posta miaka thelathini na mmoja. "Kumbe nanyi mnachambua barua! Sasa kishubaka cha Kwingineko kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Kwingineko, mwanangu! Kila mji una kishubaka chake cha kutilia barua, lakini miji ya dunia haiishi. Barua ikikosa pake, unaitia Kwingineko, na gunia linakwenda makao makuu. Wao wanajua zaidi. Bila hicho, barua ya ng'ambo utaifanyaje? Utaila?"

Nilicheka. Habari za njia ya msingi, hiyo Kwingineko ya ruta, nilizisoma kitabuni mara nne, hazikuniingia. Asubuhi ile niliiandika kwa kukariri tu, tena bila miwani. Sasa nikaivaa, nikamwonyesha mstari wenye sifuri tupu.

"Ndiyo hii. Ujumbe usio na njia yake unapita hapa, kwa kifaa namba kumi."

"Na kumi ni nani?"

Nikaitazama karatasi ya anwani ukutani. Kifaa cha kutokea nje kilikuwa namba moja. Kumi...

"Ni printa," nikasema kwa sauti ndogo.

Baba akashika mlango, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Barua za dunia nzima umeipa printa! Maskini, hata stempu haiijui!"

Nikafuta sifuri ya kumi, ikabaki moja. Punde mapokezi wakapiga kelele: "Mtandao umekuja! Umekuja!" Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

Msimamizi akaja mbio, akampa Baba mkono. "Mzee, kumbe fundi ni wewe?"

"Fundi ni huyo," Baba akasema akiokota kofia. "Mimi nimeleta miwani."

Huu ni mwaka wangu wa saba kazini, na Baba ametutoka tangu mwezi wa pili. Juzi tuliletewa ruta mpya. Kwenye karatasi ya ukutani, mstari wa mwisho, nikaandika: Kwingineko. Mfamasia mgeni akapita, akasoma, akauliza ndiyo nini hiyo.

Nikamvutia kiti. Nilikuwa nimeshaanza kucheka.