Vitamini Nyekundu

Bi Mwanamize anasema alimwona msichana huyo Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, amekaa kwenye kizingiti cha jirani yake Mahfoudha kama mtu aliyeambiwa ngoja. Hana nywele, anasema. Hana nyusi. Amejitanda shuka nyeupe, na mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Bi Mwanamize akadhani ni mgonjwa katoroka hospitali anamtafuta nesi wake, akaingia ndani kumtilia maji, na alipotoka na gilasi kizingiti kitupu, vumbi la pale halina hata alama ya mtu kukaa. Mtaa mzima wa Wadi Kabir ushazipata habari. Kila akisimulia huongeza kitu. Mara ya tatu msichana alikuwa keshampungia mkono. Lakini hina haibadilishi. Kila mara ni hina, kila mara mpaka viwiko.

"Sikutishi, mwanangu," alimwambia Mahfoudha. "Nakuuliza tu. Jamaa yenu yule?"

Mahfoudha akajibu hana jamaa wa namna hiyo. Akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa na nguo za kazi mwilini mpaka magharibi. Yeye hajamwona mtu. Lakini habari ya hina hakupata kumwambia yeyote.

Ulikuwa mwaka wake wa sita wa unesi katika wodi ya maradhi ya damu. Alizoea kumshika mgonjwa mkono akatazama kucha kabla ya uso, kwa sababu uso hujikaza mbele ya watu na kucha haziwezi. Zikiwa nyeupe, damu imekwisha. Zikianza kurudi rangi, hata yeye hupumua.

Katika wodi ile saratani haikutajwa. Jamaa walikuja na ombi lao tangu mlangoni, hata kabla mgonjwa hajapewa kitanda: mwambieni ana upungufu wa damu, basi. Madaktari walikubali. Sasa ile dawa nyekundu, inayosukumwa kwa bomba la sindano polepole, nesi amekaa ubavuni mwa kitanda asiondoe jicho, ilitaka jina. Ikaitwa vitamini ya damu. Wengine wote waliliokota jina hilo njiani. Aliyelitoa ni Mahfoudha, siku ya kwanza ya Bakhita.

Bakhita alitoka Qurayyat, ana miaka ishirini na mbili, na alikuwa mcheshi. Vitamini aliipenda. Akimaliza duru moja huuliza nyengine lini. Nguvu zikaanza kumrudia, na siku moja akamwita Mahfoudha chooni, amejishika ukuta kwa kicheko. Mkojo umetoka mwekundu, kama dawa ile inavyofanya.

"Njoo uone, sista. Nimejaa mpaka namwagika."

Mahfoudha akacheka naye. Hilo ndilo asilojisamehe, kwamba alicheka.

Wiki ile ile Bakhita akaenda kwao kwenye harusi ya kaka yake, na duru ya tatu hakuja. Nani atarudi kutiwa damu naye kishajaa? Alirudi baada ya siku arubaini, kabebwa, ana homa, na hina ya harusi imefifia lakini haijafutika, mikononi mpaka viwiko. Mahfoudha akamshika mkono kama kawaida yake, akatazama, na chini ya hina kucha hazikusema kitu. Siku mbili zile zilizobaki Bakhita aliomba jambo moja tu, wamtie vitamini haraka.

Jumamosi baada ya maneno ya Bi Mwanamize, mgonjwa mwengine, Noof wa Qantab, alivaa abaya yake, akafunga mkoba, akasema anakwenda nyumbani. Umri wake miaka kumi na tisa. Duru mbili kashapata, zimebaki mbili. Hajambo, anakula, kucha zake zimeshika rangi. Nywele zimekwenda, lakini aliambiwa damu ikipungua nywele hupukutika, zitarudi kuota. Mjomba wake keshafika na gari, yuko chini.

Mama yake, Bi Shaikha, alimvuta Mahfoudha ukumbini. Daktari alikuwa kamwambia mama peke yake kuwa msichana akiondoka sasa, maradhi yatarudi na hayatasikia dawa tena. Amembembeleza mwanawe tangu asubuhi, na kila akiulizwa abakie kwa sababu gani, hana la kusema.

"Nna huyu mmoja tu," alisema. "Mzuie, mwanangu. Mtafutie neno lolote. Ila lile usilitaje. Ukilitaja utakuwa umemuuwa wewe, si maradhi."

Mahfoudha alitaka kumweleza habari za Bakhita. Bi Shaikha alikuwa keshajifunika uso kwa mtandio, analia bila ya sauti.

Akaingia chumbani peke yake. Akasema habari ya homa, na vumbi la njiani, na wageni watakaokuja kumbusu na vikohozi vyao. Akasema daktari hajatia saini. Noof alimsikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mtoto anayekosea sura aliyohifadhishwa jana. Kisha akamwambia akae.

"Sista, mie sikusoma sana, lakini vitamini nazijua. Dada yangu hununua dukani, humeza na chai. Wewe ukija kunitia yangu unavaa glavu mbili na aproni juu. Ikidondoka tone sakafuni mnaifuta kama sumu."

Mahfoudha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama simuulizi, nitamliza bure. Nakuuliza wewe, usiyenizaa." Alisema taratibu, hana ghadhabu. "Sema wallahi ni vitamini. Basi. Useme nishuke."

Kudanganya Mahfoudha alikuwa keshazoea, miaka sita, kila siku, kwa sauti laini. Wallahi ya uwongo hajaiapa maishani. Alifumbua mdomo.

Chini mjomba alipiga honi, mara moja, kwa adabu. Noof hakugeuka. Ana kiatu kimoja mguuni na kingine kipo mapajani, kidole chake kinafungua na kufunga kifungo cha ukanda, na macho kayatua kwenye midomo ya Mahfoudha.