Nyuso Ninazozifuta

Kazi yangu katika mradi wa chuo ni kufuta nyuso. Mashine inayopiga picha za ubongo hunasa pia pua, midomo na macho yaliyofumba, na sheria ya utafiti inawakataza wenzangu kujua picha ni ya nani. Kwa hiyo mimi huuona uso kwanza, nikaufuta, kisha nikawapelekea ubongo mtupu wenye namba.

Wiki iliyopita niliufuta uso wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyejitolea kupigwa picha kama mtu mwenye afya zake.

Leo kwenye kikao, kompyuta ikazungushia duara jekundu doa dogo katika picha yake, niliyoitambua kwa namba. Mwanafizikia akasifia jinsi picha ilivyo safi. Mtaalamu wa kompyuta akapiga makofi, maana programu yake imeliona doa ambalo daktari alilipita. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili. Daktari hakucheka. Alisema atamtafuta mhusika mwenyewe kesho, na mpaka hapo mtu asifungue mdomo.

Jioni shemeji akaingia kwetu kula, bila hodi, kama kawaida yake.

"Haya shemeji, sema kweli," akasema huku akijipakulia. "Mlikuta ubongo humu, au hewa tupu?"

Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nimeinamia sahani, nisiutazame ule uso.

"Tulikuta ubongo," nikamjibu.

"Umesikia, kaka?" akasema. "Hata chuo kikuu kimekubali."