Filamu ya Uani kwa Bi Hamisa

Bi Hamisa wa Chanika, Handeni, alikuwa mcha Mungu, hilo hakuna aliyelipinga. Alikuwa pia mpenzi wa filamu, na hilo nalo hakuna aliyelipinga, ingawa walikuwapo waliotaka achague moja. Yeye hakuchagua. Marehemu mumewe, Athuman, alikuwa na banda la video hapo Handeni kwa miaka mingi, la mabati na mabenchi ya mbao, na Hamisa ndiye aliyekaa mlangoni akipokea kiingilio na kuuza kashata. Adhana ikilia jenereta linazimwa, hata kama jambazi ndiyo kwanza ananyoosha bastola. Watu walinung'unika, wakaenda kuswali, wakarudi, na jambazi akamalizia kazi yake.

Kwa hiyo Hamisa alipozungumza habari za filamu hakuwa akibahatisha. Za Kihindi za zamani alizipenda, zile za mama kipofu na watoto waliopotezana kwenye treni, maana humo mtu akifiwa amefiwa kweli. Kamera inakaa usoni pake mpaka na wewe unatafuta leso. Za karate alizivumilia kwa ajili ya wateja. Hizi mpya za kwetu ndizo zilizomchefua.

"Kila nyumba ghorofa, kila mtu ana gari, na hakuna hata mmoja anayekwenda kazini," alikuwa akisema. "Mtu anapigiwa simu ya msiba, analia huku anaangalia wigi lake lisiharibike. Na humo ndani akiwepo mjane, usijisumbue kuuliza mchawi ni nani."

Hayo alikuwa akiyasema kwa mzaha, kabla hayajamfika.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Alijifunza kwa mama yake, na hakuchukua malipo kwa yeyote. Alichokiona juu ya mwili wa mtu, kovu, alama, maradhi yaliyofichwa, hakikutoka kinywani mwake. Ndiyo maana wanawake wa Chanika walimheshimu. Kila mmoja alijua kwamba huyu ndiye atakayemwona mwisho, na hatasema.

Basi kiangazi kilichopita alikuja Sabiri, mtoto wa mdogo wake Athuman, aliyelelewa ndani ya lile banda la video na sasa anatengeneza filamu Korogwe. Alikuja na kamera, taa, na binti mmoja wa kutoka milimani anayeitwa Glory, mwigizaji wake.

"Mama mkubwa, natengeneza filamu ya mwanamke anayeosha maiti," alisema Sabiri. "Nataka watu waione heshima ya hii kazi. Nipe uani kwako na lile beseni lako."

Hamisa alifurahi mno. Maisha yake yote alikuwa hajaona filamu inayojali nani anamwosha marehemu; humo watu hufa, kisha hapo hapo unaonyeshwa kaburi. Akampa uani. Glory alikuwa na kucha ndefu za kubandika ambazo hazikutoka, kwa hiyo Sabiri akaomba mikono ya Hamisa mwenyewe ipigwe picha badala ya ile ya binti. Wakalaza mto ndani ya shuka, na Hamisa akawaonyesha namna ya kumimina maji kwa upole, upande wa kulia kwanza. Halafu Sabiri akamwomba amimine marashi ya waridi kutoka bakulini kuyatia kwenye chupa, yale marashi anayonyunyizia mwishoni. Akamimina. Sabiri akasema safi sana, mama mkubwa, mikono yako ina maneno.

Ilikuwa nayo kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu jeupe kutoka kidole gumba hadi kifundo, alilolipata kwa kuunguzwa na bomba la jenereta, na hakuna mwanamke wa Chanika asiyelijua.

Filamu ilipotoka mtandaoni aliitazama sebuleni kwake, peke yake, na chai imepoa mezani. Mjane aliyeigizwa na Glory alikuwa kwenye eda, midomo myekundu, anatoka kwenda baa. Akaitwa kuosha maiti ya jirani. Ikaja mikono ya Hamisa, ile yenye kovu, ikimimina maji juu ya maiti. Na papo hapo, bila hata kupepesa jicho, ikaja mikono ile ile inamimina maji kutoka bakulini kwenda kwenye chupa. Kisha Glory akacheka peke yake jikoni, akaitia chupa ile kwenye chai ya mchumba wa mtu, na mwanamume akarukwa na akili.

Hamisa alizima televisheni. Maji yaliyooshewa maiti ndicho kitu watu wanachokiogopa kuliko kaburi lenyewe. Ndiyo maana huchimbiwa kishimo na kufukiwa mbele ya macho ya wenyewe. Na sasa dunia nzima ilikuwa imemwona akiyaiba. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ujanja wenyewe aliujua. Miaka yote mlangoni pale aliwaeleza watu kwamba yule anayeanguka kutoka ghorofani hakuanguka, ni picha mbili zimeunganishwa. Na bado akatoa mikono yake ikaunganishwe.

Siku chache baadaye alifariki mwanamke mtaa wa pili, na mwosha akafuatwa Kang'ata kwa bodaboda. Hakuna aliyemwambia Hamisa neno. Walimsalimia msibani kwa adabu zote, wakampisha kwenye mkeka, na walipompisha walisogea zaidi kidogo kuliko kawaida.

Aliyebaki kumtania usoni ni shoga yake wa siku nyingi, Bi Mwantumu, aliyekuwa mgonjwa kitandani. "Mimi utaniosha wewe," alimwambia, mbele ya binti yake Munira na mbele ya mdogo wake Zaina. "Na ukichukua hayo maji, mpe Zaina kwenye chai, labda atapunguza mdomo." Munira alicheka. Zaina aliangalia mlango.

Hamisa alijua Mwantumu hana siku nyingi, na alijua Zaina hatakubali. Kwa hiyo alikwenda Korogwe.

Alimkuta Sabiri mtaa wa Manundu, kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri, mapazia yamefungwa mchana, yuko mbele ya kompyuta na Glory kakaa pembeni anakula chipsi.

"Shikamoo mama mkubwa. Mbona hukupiga simu?"

"Marahaba. Nimekuja kuona jiko linalopikiwa huu uongo."

Glory alisimama akatoa shikamoo yake, akampisha kiti. Hamisa hakukaa.

"Mama mkubwa, ile ni sanaa tu," alisema Sabiri. "Hakuna aliyetajwa jina."

"Kovu langu ni jina. Nani Chanika halijui? Juzi wamekwenda kufuata mwosha Kang'ata kama vile mimi nimekufa."

"Watu wenyewe hawana uelewa. Filamu imeangaliwa kuliko zote nilizowahi kutoa."

"Watu hukimbia hata kwenda kuangalia mwizi anapigwa. Huo nao ni uzuri?" Hamisa alikuwa hajapandisha sauti, na Sabiri aliyemjua tangu utotoni alianza kuhamisha kipanya huku na huku bila kazi. "Sasa nakwambia kama mtazamaji. Filamu yako mbovu. Huyo mjane anamtia mtu wazimu kwa sababu gani? Hukusema. Kwenye zile za zamani hata yule mwovu mwenye masharubu anayechoma kijiji, utaonyeshwa kwanza alivyonyang'anywa shamba la baba yake. Wako amekuwa mbaya kwa kuwa amefiwa. Basi. Kafiwa, ni mchawi. Na anacheka peke yake jikoni. Wewe umewahi kuona mtu mzima anacheka peke yake jikoni?"

"Mimi niliuliza hapo, mama," alisema Glory. "Nikasema sasa nacheka na nani. Akaniambia wewe cheka tu."

"Glory, nyamaza," alisema Sabiri.

"Mwache. Ndiye pekee humu aliyefikiri." Hamisa alimgeukia tena. "Itoe ile sehemu ya chupa."

"Nikiitoa filamu haina kisa."

"Basi haikuwa na kisa tangu mwanzo. Ulikuwa na mikono yangu, ukakosa cha kusema, ukaamua kunichafua. Baba yako mkubwa alikuwa akizima jenereta kwa ajili ya adhana na akapoteza wateja. Wewe umeshindwa kuacha picha moja."

Simu ya Hamisa ikalia. Alikuwa Munira, na sauti ilikuwa imekauka.

"Mama Hamisa, mama ametutoka."

Hamisa aliegemea ukuta. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

"Mama mdogo Zaina anataka kutuma mtu Kang'ata. Nimemwambia wosia wa mama ni wewe. Anasema wosia ni mpaka ile video ielezwe. Sijui nifanye nini."

"Mfunike. Mwelekeze kibla. Msimfuate mtu, nakuja."

Alikata simu, akaifuta kwa ncha ya mtandio kama iliyomwagikiwa kitu. Machozi hakuyatoa, hasira ilikuwa imeyatangulia njiani. "Washa gari," alimwambia Sabiri. "Unakwenda kuieleza hiyo video."

"Mama mkubwa, nina kazi ya harusi hapa ya kumaliza..."

"Bibi harusi hafukiwi leo. Washa gari."

Wakashika njia ya kurudi Handeni. Sabiri alijaribu mara moja kusema kwamba hakukusudia. Hamisa alikuwa anasoma Yasini kimyakimya na hakukatisha.

Walipofika, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wanawake ndani na uani. Hamisa alizungumza na mzee wa msiba, na mzee akamwita Sabiri mbele. Sabiri, ambaye mbele ya kamera alikuwa akiamrisha watu kulia na kucheka, alisimama pale mikono ikikosa pa kukaa.

"Ile filamu nimeitunga mimi," alisema. "Yale maji ya kwenye chupa ni marashi. Zilikuwa picha mbili tofauti, mimi nikaziunganisha. Mama mkubwa hakujua. Hakuchukua maji ya mtu."

Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Broo, kwa hiyo kwenye pati tuu ya filamu mjane anafungwa?" Watu wawili watatu wakainama kuficha kicheko. Hamisa, aliyesimama mlangoni pa uani, alisikia, na kilichobaki cha subira yake kikaisha.

Alimkuta Zaina amesimama mbele ya pazia la chumba alimolazwa marehemu.

"Tumesikia, Bi Hamisa," alisema Zaina. "Lakini huyu ni mtoto wenu. Atasema nini kingine? Mimi sina ubaya. Nataka tu maji yaangaliwe."

"Yataangaliwa. Ingia."

"Nani, mimi?"

"Humu ndani hakuna mtazamaji. Anayeingia anashika kopo. Ingia umwoshe dada yako."

Zaina aliwatazama wanawake waliokaa mikekani. Hakuna aliyejitolea kumponya. Munira akampa kanga ya kujifunga, naye akaingia nyuma ya Hamisa kama anayesukumwa.

Wakamwosha. Hamisa alielekeza kwa maneno machache: nyanyua mkono, mimina taratibu, usimwache wazi, funika hapo. Maji yenye majani ya mkunazi yalitiririka chini ya kitanda hadi kwenye kishimo. Ubavuni mwa Mwantumu palikuwa na uvimbe uliokuwa umepasuka, ambao hakumwonyesha mtu hata mmoja wa nyumba yake. Zaina aliuona, akashusha kopo.

"Dada hakusema," alinong'ona.

"Na wewe hutasema," alijibu Hamisa. "Mimina."

Ilipofika zamu ya marashi, Hamisa alitoa chupa. Zaina akarudi nyuma hadi akagusa ukuta. Hamisa alimfuata mpaka pale, akafungua kifuniko, akamwekea chupa mkononi.

"Nusa."

Akanusa. "Waridi."

"Nusa tena mpaka utosheke. Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye filamu. Sasa mnyunyizie mwenyewe."

Zaina alimnyunyizia dada yake huku analia kwa sauti. Hamisa alimpamba, akamkafini kwa sanda, akaifunga, mikono yake ikifanya inachokijua. Kisha kishimo kikafukiwa mbele ya wote.

"Nimeona kwa macho yangu," Zaina aliwaambia wanawake wa uani. "Hakuna kitu. Bi Hamisa ni mtu safi."

Wakaitikia, wengine wakamshika mkono Hamisa. Aliwaachia mkono, lakini moyo haukulegea. Alikuwa ameosha mama zao na bibi zao, na kamwe hakuwa amehitaji shahidi. Leo alikuwa na shahidi, na kuanzia leo watataka kuwe na shahidi.

Waliporudi wanaume kutoka makaburini, Sabiri alikuwa amepata nguvu tena. Alimsogelea Hamisa kando ya turubai, macho yakiwaka.

"Mama mkubwa, Munira kanisimulia jinsi ulivyomfanya Zaina ashike kopo. Wallahi hiyo yenyewe ni filamu. Ukikubali..."

"Toa simu," alisema Hamisa.

Akaitoa, akidhani atamwonyesha kitu.

"Ifute ile filamu mtandaoni. Hapa hapa."

"Sasa hivi? Watu wote hawa..."

"Ndiyo hao hao walioiona. Ifute wakikuona."

Sabiri alitazama huku na huku. Wazee walikuwa wamegeuka. Akainamia simu, akabonyeza, ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Kule kwenye mabenchi vijana wawili, mmoja wao yule wa pati tuu, walishaelewa kinachofutwa, wakaanza kutafuta haraka kwenye simu zao nakala walizonazo, wakionyeshana.

Hamisa aliwaona. Akakaza mtandio, akamwacha Sabiri amesimama, akakata katikati ya turubai la wanaume kuwafuata.