Namba Inayorudi Nyumbani

Na anayebisha achukue penseli ajaribu mwenyewe badala ya kukodoa macho, namba yoyote ya tarakimu tatu, iandike mara mbili ikiwa imegandana, igawe kwa saba, kisha kumi na moja, kisha kumi na tatu, itarudi ile ile uliyoanza nayo, ndivyo ilivyo tangu darasa la nne, mwalimu na chaki yake, kila mtoto na namba yake, na zote zikarudi, hata ya yule mwenye kamasi, kwa hiyo mama mtu, akikunja shuka pembeni ya meza, hakuona muujiza wowote katika hilo karatasi la mkwe wake, mkwe, haya tuseme mkwe, mwanamume aliyeaga anakwenda kununua betri ya redio akapotelea kwa mwanamke mwingine, na leo karudi na shati jipya na hesabu, eti mke wangu chagua tarakimu tatu, binti naye akachagua, tatu, tano, nane, ikawa laki tatu hamsini na nane elfu mia tatu hamsini na nane, eti itakatwa mara tatu na bado itarudi nyumbani nzima, kama mimi kwako... kama yeye, loo, namba haikuondoka kwa uongo wa betri, namba haikuacha watoto wakichungulia dirishani, na binti akilainika atampokea, naye akitoroka tena ni bibi atakayelea hao wajukuu kwa magoti haya haya, si mwingine, sema basi mwanangu, mwambie mia nne kumi na mbili nayo ingerudi, na mia tisa, mtoe kabla hajaagiza chai... lakini binti kainama, anagawa kwa saba polepole, ulimi nje, yeye anayefundisha hesabu sekondari, anayegawa kwa kichwa huku akikaanga vitunguu, kalogwa nini huyu...

"Imebaki mbili," binti akasema.

Mbili, itabakije mbili, shuka ikamtoka mama mtu mkononi, haijawahi kubaki kitu, na mkwe hakuipitia hesabu hata mstari mmoja, akacheka.

"Si unaona? Mbili. Ndiyo sisi wawili."

Wawili, ingebaki tano angesema sisi na watoto watatu, hajui kitu, kaibeba namba ya watu kama kasuku, lolote analoambiwa ni ndiyo mradi arudishiwe mto wake... na hapo binti akainua macho, si kwa mume, kwa mama yake, macho makavu ya mtu anayesahihisha madaftari, kumbe hakukosea, kumbe kamtegea, na yeye mama mtu muda wote huu anamfukuzia kuku mwewe, kumbe kuku mwenyewe ndiye mwewe...

"Rudia mwanzo," binti akamwambia mume, akamsukumia penseli, "na safari hii gawa wewe."

Na mume akaanza, saba kwenye thelathini na tano, akihesabia vidole chini ya meza, mama mtu akazibeba shuka zake, akatoka, akafunga mlango.